Chaki kwenye Ukuta wa Nana Takyiwa

Pale kwetu Abrobiase hakuna mtu aliyekuwa akifunga bomba. Mgeni angedhani ni uzembe, lakini haukuwa uzembe hata kidogo. Maji yalikuja siku yalipotaka, tena kwa muda mfupi tu, na asiyekuwa macho aliyakosa. Kwa hiyo kila nyumba iliacha bomba la uani wazi, na chini yake likawekwa beseni la bati. Maji yakija, beseni linalia, na nyumba nzima inaruka: mama na ndoo, watoto na masufuria, hata babu mwenye mguu mbovu na birika lake. Mansa Otu, msichana wa miaka kumi na miwili, alizaliwa akaikuta kelele hiyo.

Kila asubuhi Mansa alifagia ua, akawasha jiko la mkaa, kisha akachuja maji ya uji kwa kitambaa. Kitambaa kilibaki na tope la kahawia. Huko juu wachimba dhahabu walikuwa wameuvuruga mto wetu, na mtambo wa kusafisha maji pale kilimani ulikuwa umezeeka, hauwezi tena. Baba yake Mansa, Bwana Otu, ndiye aliyekuwa akiuendesha. Machujio ya mchanga yalikuwa yamejaa tope, pampu moja ilikohoa, nyingine ilikufa zamani, na dawa ya kuua vijidudu ilimwagwa kwa ndoo, kwa kukisia.

"Baba, haya ni maji au chai?" Mansa alikuwa akimtania.

"Kunywa tu, mwanangu. Siku hizi chai haitiwi sukari."

Lakini utani haukuzuia kuhara. Kila msimu wa mvua zahanati yetu ilijaa watoto, na Bwana Otu alipopita sokoni akina mama walimtupia maneno. "Mzee wa tope huyo! Leo umetupikia nini?" Yeye alicheka nao, lakini Mansa alijua yalimuuma.

Basi mtambo ulipoanza kufanywa upya, mji mzima ulichangamka. Malori yalipanda kilimani na machujio mapya, pampu mpya na mashine ya kupima dawa tone kwa tone. Bwana Otu alirudi nyumbani amechoka, anacheka peke yake. Vijiweni habari ilikuwa moja tu: maji ya dawa yanakuja. Wazee waliopenda kutia chumvi walisema maji hayo yangetibu hata minyoo na macho mekundu. Hakuna aliyewasahihisha. Nani angependa kumharibia mzee furaha yake?

Siku ya Alhamisi Bwana Otu alifika shuleni akiwa na injinia wa mradi. Darasa la kina Mansa likasimama na kusalimu.

"Kaeni," alisema Bwana Otu. "Sikilizeni vizuri. Mtambo ni mpya, lakini mabomba yaliyoko chini ya ardhi ni yale yale, yana uchafu wa miaka mingi. Hatuwezi kupitisha maji safi ndani ya uchafu. Jumamosi asubuhi tutayajaza mabomba yote maji yenye dawa kali sana, klorini nyingi kupita kawaida. Yatakaa humo mchana kutwa yakiua kila kitu, kisha tutayamwaga. Maji hayo si ya kunywa, si ya kuoga, si ya kufulia. Kila bomba lifungwe."

"Na kama mtu ana kiu?" akauliza kijana mmoja wa nyuma.

"Anunue maji ya mfuko dukani."

"Na mbuzi wetu je?"

"Mbuzi naye mnunulie." Darasa likaangua kicheko.

Mpiga mbiu wa chifu alikuwa amekwisha kupita na kengele yake jana yake jioni. Lakini Bwana Otu hakuridhika, maana aliwajua watu wake. Kumwambia mtu wa Abrobiase afunge bomba ni kumwambia alale na viatu. Ndiyo maana aliomba wanafunzi wapite nyumba kwa nyumba. Mwalimu wao, Madamu Dadzie, akamgawia kila mmoja mtaa na kipande cha chaki nyeupe.

"Mwambieni mtu mzima wa nyumba," alisema Madamu. "Lioneni bomba likifungwa, kwa macho yenu. Hapo ndipo mchore mstari ukutani, karibu na mlango. Bwana Otu atapita Jumamosi kutazama mistari hiyo kabla hajafungua maji. Nyumba ikiwa imefungwa, usichore kitu. Njoo uniambie, nitajua la kufanya. Atakayemaliza mtaa wake wa kwanza ndiye atakayemfungulia chifu bomba siku ya sherehe."

Loo, maneno hayo ya mwisho yaliwatia watoto moto! Mansa akamtazama Araba, rafiki yake na mpinzani wake. Araba akamtolea ulimi.

"Mtaa wako mrefu, shoga," alisema Araba. "Utanikuta nimekwisha kushonesha gauni la sherehe."

"Shonesha tu. Utalivaa kuniangalia mimi nikifungua."

Mansa alikwenda mbio kweli kweli. Aligonga, akasalimu, akaeleza, akatazama bomba likifungwa, akachora. Wengine walibisha. "Nifunge bomba, nitasikiaje maji yakija?" Akawaeleza tena kwa adabu mpaka wakafunga. Jasho lilimtoka, lakini alifanya kazi yake vizuri mpaka nyumba ya mwisho kabisa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Nana Takyiwa, bibi kizee aliyeishi na mjukuu wake Fiifi, mtoto wa miaka mitatu. Mlango ulikuwa na kufuli. Mansa aligonga, akaita, akachungulia kwenye ufa wa ukuta. Kuku tu.

"Wamekwenda mazishini mjini Saltpond tangu juzi," alisema jirani yao, Anti Ewurasi, aliyekuwa akikoroga sabuni katika pipa uani kwake. "Sijui watarudi lini."

Kwa mbali Mansa alimwona Araba akikata kona, chaki mkononi, akikimbilia shuleni. Akautazama ukuta. Akajiambia kwamba Nana akirudi atasikia kwa majirani, mbona mji mzima unajua? Akachora mstari mweupe, mzuri, mnyoofu, akatimua mbio. Aliwahi kufika mbele ya Araba kwa pumzi moja.

"Nyumba zote, Mansa?" aliuliza Madamu Dadzie.

"Zote, Madamu."

"Hakuna iliyofungwa?"

"Hakuna, Madamu."

Madamu akampigia makofi, na darasa likafuata. Nasema wazi, makofi yale hayakumfurahisha. Lakini hakufungua mdomo, na kesho yake Ijumaa alijisahaulisha kabisa.

Jumamosi asubuhi Bwana Otu alipita mtaani akitazama kuta. Mstari, mstari, mstari. Alipofika mwisho akaona na wa Nana Takyiwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda kilimani na kufungua koki kubwa.

Mansa alikuwa uani akifua sare kwa maji ya akiba aliposikia ukelele. Ulitoka mwisho wa mtaa, ukelele mrefu wa mwanamke mzee, kisha mwingine. Watu wakatoka milangoni. Mansa akaitupa sare ndani ya povu na kukimbia.

Uani kwa Nana Takyiwa watu walikuwa wamejazana. Fiifi alikuwa mapajani mwa bibi yake akitapika. Macho yake yalikuwa mekundu, mate yalimtoka mfululizo, na alilia kwa sauti iliyokauka kabisa. Alijaribu kusema "Nana" sauti ikakataa. Wiki iliyopita tu mtoto yule alikuwa akimwimbia Mansa nyimbo za kanisani kwa makosa mengi na kelele nyingi.

"Amekula nini? Amekula nini?" watu waliulizana.

"Ni magadi makali ya kupikia sabuni!" alipiga kelele mwanamume mmoja. "Tazameni, pipa la Ewurasi hilo pale, ukuta wenyewe una tundu! Mtoto ameingia akalamba magadi!"

"Mimi?" Anti Ewurasi alisimama mikono kichwani. "Magadi yangu yako ndani, yamefungwa kwa ufunguo! Jamani, mimi nina watoto!"

"Siku zote tulikuambia hiyo sabuni yako itatuua!"

"Aitiwe polisi!"

Mmoja akampiga teke pipa lake, sabuni ya wiki nzima ikamwagika mchangani. Anti Ewurasi hakulizuia. Alikuwa akimtazama Fiifi tu na kulia.

Hapo ndipo Mansa aliposikia harufu. Harufu kali, kama ya sakafu ya hospitali iliyotoka kupigwa deki. Akageuza shingo. Bomba la Nana lilikuwa wazi, linamwaga maji meupe, mazuri ajabu, juu ya beseni lililofurika. Mapipa mawili yalikuwa yamejaa pomoni. Ndani ya karai kanga nyeusi ya mazishi ilikuwa imelowekwa, na weusi wake ulikuwa umetoka mabaka mabaka mpaka rangi ya maziwa.

Mungu wangu! Alitaka kusema ukweli wa mstari ule. Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa na hasira. Kabla hajapata sauti, Nana alikwisha kumbeba Fiifi mgongoni, kikapu mkononi, na umati ukamfuata kwenda zahanati, wakimsukuma Anti Ewurasi mbele yao. Mansa alilifunga bomba, akawafuata akilia kimya kimya.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimlaza Fiifi kitandani, akamfungua mdomo na kumulika kwa tochi. Uso wake ukabadilika.

"Koo limeungua. Amemeza kitu kikali. Ni nini?"

"Magadi ya sabuni," watu walijibu kwa pamoja.

"Kama ni magadi, siwezi kumshughulikia hapa. Ni hospitali kuu, sasa hivi, na huko watamtia mpira kooni. Mama, una hakika ni magadi?"

"Sijui, mwanangu," alisema Nana. "Wanasema hivyo. Naomba nimpe maji kidogo kwanza, anakauka." Akatoa chupa ya maji ndani ya kikapu, akaifungua, akamwinua Fiifi kichwa.

Harufu ile ile ikaruka chumbani.

"Asinywe!" Mansa alipita chini ya mikono ya watu, akaipokonya chupa na kuikumbatia. "Asinywe, Nana! Hayo si maji ya kunywa! Ni maji ya kuoshea mabomba!"

Nana Takyiwa alimtazama asielewe.

"Ya kuoshea mabomba? Wewe mtoto, haya si ndiyo maji mapya? Tumerudi jana usiku, majirani wamekwisha kulala, tukakuta mstari mweupe ukutani. Ungekuwa mwekundu, ningejua wanakuja kubomoa nyumba yangu. Mweupe ni wa heri, nikasema nyumba yangu imekubaliwa. Leo asubuhi beseni likalia. Nikasikia harufu ya dawa, nikamshukuru Mungu, nikasema leo mjukuu wangu atapona minyoo. Nikampa kikombe kizima. Hakutaka. Nikamlazimisha." Akamfuta Fiifi mate. "Nilimlazimisha mwenyewe."

"Mstari niliuchora mimi," alisema Mansa. Alikuwa akilia hadharani sasa, hajali. "Mlikuwa hampo. Nilitakiwa kusema nyumba imefungwa, sikusema. Nilidanganya. Si magadi. Anti Ewurasi hana kosa, hana kosa hata kidogo!"

Ingelikuwa afadhali watu wapige kelele. Hawakupiga. Yule mwanamume aliyelipiga teke pipa alijitazama viatu. Muuguzi peke yake ndiye aliyesogea. Alichukua chupa, akanusa, akashusha pumzi.

"Klorini. Nyingi, lakini si magadi. Afadhali." Akaanza kumsafisha Fiifi mdomo na macho kwa maji ya mfuko, pole pole. "Akiweza kunywa asitapike, hatahitaji kwenda hospitali kuu. Nani mwingine ameyatumia maji hayo?"

"Hakuna," alisema Nana. "Mapipa yamejaa tu. Nilikuwa niwagawie majirani mchana."

Muuguzi alimgeukia Mansa. "Umesikia? Ungechelewa mpaka mchana tungekuwa na watoto kumi hapa. Nenda kayamwage, na watu wazima wawili waende nawe."

Bwana Otu alimkuta Mansa uani kwa Nana, akiinamisha pipa la pili. Habari ilikuwa imemfikia kilimani, na alikuwa ameteremka kwa miguu, shati limelowa jasho. Mansa aliganda akingoja kofi. Halikuja. Baba yake alikuwa akiutazama mstari wa chaki.

"Nilisimama hapa hapa," alisema. "Nikauona. Nikasema, mtaa huu kaufanya binti yangu, sina haja ya kugonga. Milango mingine niligonga, Mansa. Huu sikugonga." Akainua mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine. "Nikaenda nikafungua."

Mansa alikuwa amejiandaa kwa ukali. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alilia mpaka akakaa chini.

Jioni hiyo baba alimshika mkono, wakapita kila nyumba ya mtaa ule. Kila mlango Mansa alisema kwa mdomo wake kwamba alidanganya na kwamba Anti Ewurasi alionewa. Watu wengine walimsema vibaya. Wengine walijisikia aibu kwa maneno yao wenyewe ya asubuhi, na baadhi yao walikwenda kumsaidia Anti Ewurasi kuanza sabuni upya. Nyumba ya Anti waliiacha ya mwisho.

"Nimekusamehe," alisema Anti Ewurasi, "lakini usidhani ni jambo dogo. Waliniita muuaji mbele ya watoto wangu."

Kesho yake sauti ya Fiifi ilianza kurudi. Macho yalipoa, akadai uji, na siku iliyofuata aliruhusiwa kurudi nyumbani. Mji ukapumua. Mabomba yalioshwa, yakamwagwa, yakaoshwa tena, na siku ya sherehe maji ya mtambo mpya yakashuka. Araba ndiye aliyemfungulia chifu bomba. Mansa alimpigia makofi ya kweli. Wale akina mama wa sokoni walimzunguka Bwana Otu na kumwita mzee wa kioo.

Kila mtu alikunywa, isipokuwa Nana Takyiwa. Bomba lake alilifunga kwa kamba. Alinunua maji ya mfuko, na ukitaja bomba Fiifi alijificha nyuma ya mlango. Baba alimweleza, injinia alimweleza, Nana aliitikia kwa heshima na kuendelea kununua mifuko. Mitambo yote ile mipya, na nyumba moja haiwezi kunywa maji yake!

Mansa hakuambiwa na mtu. Asubuhi moja kabla ya shule alikwenda kwa Nana na kikombe chake, akaomba ruhusa, akafungua kamba, akakinga maji na kuyanywa yote mbele ya bibi. Akasema "Asubuhi njema, Nana," akaenda zake. Kesho akarudi. Na kesho kutwa. Nana alikuwa akimtazama tu kutoka kwenye kigoda chake. Jumapili Mansa alikuja pia, amevaa nguo za kanisani.

Ilipita muda. Kisha asubuhi moja Mansa alipomaliza kunywa, Nana alinyoosha mkono.

"Nipe hicho kikombe."

Mansa akakijaza na kumpa kwa mkono wa kulia. Nana akanusa, akaonja, akanywa hadi chini.

"Ni matamu, Nana?" Mansa aliuliza kwa woga. "Tazama yalivyo meupe."

"Hata yale yalikuwa meupe, mjukuu wangu," alisema Nana Takyiwa. "Meupe kuliko haya. Mimi sina mashine ya kuona kilichomo ndani ya maji, na baba yako kule kilimani hawezi kuuona mlango wangu. Sote tunategemea mtu atuambie. Ukitumwa kutazama, tazama. Ukikuta mlango umefungwa, sema umefungwa, hata kama watakucheka, hata kama mwenzako atafika kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Nana."

"Haya. Mjazie na Fiifi. Lakini unywe wewe kwanza, akuone."